Nyota tatu kwa utafiti wa endometriosisi, baada ya mwaka mzima wa kujaza shajara ya maumivu

Miaka tisa niliambiwa hedhi ndivyo ilivyo, mpaka nikapasuliwa na kuonyeshwa picha: tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba imeota nje yake, nyuma kabisa, karibu na utumbo. Ndiyo endometriosisi. Kwa hiyo chuo kikuu kilipotangaza kinatafuta washiriki wa utafiti wa endometriosisi, nilijiandikisha siku ileile.

Dodoso la kwanza ni refu mno, nililimaliza kwa siku mbili. Lakini liliuliza ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Je, haja kubwa inakuuma zaidi siku za hedhi? Tendo la ndoa linauma mwanzoni au ndani? Pale kwenye haja kubwa niliweka kalamu chini. Miaka yote nilijua hilo ni tumbo langu tu, halihusiani na hedhi. Kwa swali hilo moja nawapa nyota nzima.

Nyota ya pili ni ya muuguzi mtafiti. Alinisomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, akarudia mara mbili kwamba naweza kujitoa wakati wowote na matibabu yangu yasiguswe. Kabla ya altrasaundi alinionya kuwa vidoa vidogo havionekani kwenye picha, hivyo picha safi haimaanishi sina kitu. Laiti ningeambiwa hivyo miaka ile!

Nilimuuliza chanzo ni nini. Akasema damu ya hedhi kurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi ni nadharia ya daktari Sampson, ya miaka ya 1920, ila damu hiyo huwarudia wanawake wengi wasiougua. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 60,000 na vya watu 700,000 wasio nao, wakapata maeneo 42 kwenye vinasaba yanayohusiana na ugonjwa. Na bado jibu kamili halipo. Nilitoka nimeelewa kwa nini wanataka vichupa vinne vya damu yangu.

Sasa shajara. Kila jioni programu ya simu inauliza: maumivu, sifuri hadi kumi? Saba ya mtu aliyezoea si saba ya mtu mwingine, lakini hayo tuyaache. Kibaya zaidi, ikifika saa sita usiku siku inafungwa. Siku ambazo nimejikunja sakafuni bafuni, nani anashika simu? Nilipopitia miezi mitatu ya kwanza, siku zangu mbaya kuliko zote zilikuwa tupu. Yaani kwenye takwimu zao mimi ni mzima! Nililalamika kwa maandishi. Baada ya wiki kadhaa wakaruhusu kujaza hadi siku mbili za nyuma. Walisikia, nyota ya tatu hiyo.

Zilizobaki nimezizuia. Majibu ya damu yangu sipewi, na hilo nililisaini nikijua, maana huu ni utafiti, si kliniki. Ila tuliahidiwa barua ya muhtasari wa matokeo. Huu ni mwezi wa tano naisubiri. Nikiuliza, najibiwa uchambuzi unaendelea.

Awamu ya pili wameniita, nami nimekubali. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika: barua kwanza, damu baadaye.