Nilikodi mashine ya kushindilia, dharau nikapewa bure

Mashine yenyewe ikikubali kuwaka, haina mpinzani. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza habari za kijana wa kaunta, sijui kama nitarudi tena kwenye sifa.

Kazi ilikuwa baraza dogo la pevingi uani, nyuma ya jikoni, pale ambapo mvua ikinyesha pote hugeuka tope na viti vinazama miguu. Kokoto zilisharundikwa pembeni, mchanga upo chini ya turubai, matofali yamepangwa ukutani yanasubiri. Tulikuwa tumechimba sentimita 20 kwenda chini, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye ana nguvu za kusukuma toroli siku nzima, lakini pima maji haijui inasomwaje. Kamba nilifunga mimi. Mwinamo nilipima mimi, sentimita 2 kushuka kwa kila mita 1, kutoka ukutani kwenda nje, maji yasije yakageukia msingi wa nyumba. Sitaji haya kujisifu. Nayataja ili mjue aliyekwenda kukodi mashine alikuwa anajua anachokodi.

Basi tumefika kaunta ya duka la kukodisha mashine. Nimesalimia, nimesema nataka mashine ya kushindilia kwa wikiendi. Yule kijana akanipita kwa macho, akamwuliza mdogo wangu, "Bosi, eneo lenyewe kubwa kiasi gani?"

Mdogo wangu akanitazama. Nikajibu.

"Na chini kuna udongo gani, bosi?"

Nikajibu tena mimi, ni mfinyanzi, ndiyo maana tumechimba sana na tunajaza kokoto. Hapo ndipo akageuka kunitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Dada, fundi wenu yuko wapi? Mashine hii si ya kuchezea."

Nikamwambia fundi ndiye huyu anayeongea. "Haya," akasema. Mnaijua ile "haya" inayovutwa, ya mtu anayekuacha uende ukaumbuke mbele ya safari? Hiyo. Kisha kwenye fomu akaandika jina la mdogo wangu. Pesa ya kukodi imetoka kwenye pochi yangu, amana imetoka kwenye pochi yangu, jina la mkodishwaji ni la mtu aliyekuja kusaidia kubeba! Nikamwambia alikate aandike langu. Akaandika juu yake, kwa mwandiko mdogo, kana kwamba wino anaununua yeye.

Mashine hakuiwasha mbele yetu. Alisema imetoka kutumika juzi tu, iko safi. Tukaipakia, na kile chuma ni kizito, msidanganywe na picha.

Nyumbani nikafungua petroli, nikaweka choki, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Kimya. Siyo kwamba ilikuwa inawaka na kuzima, hapana, haikutoa hata kikohozi. Mdogo wangu akachukua, akavuta mpaka kiganja kikachubuka. Nikapiga simu dukani.

"Dada, kamba hiyo inataka nguvu kidogo. Mpe mwanamume avute."

Nikamwambia mwanamume amevuta, na sasa anapuliza kiganja. "Basi mmeijaza petroli kupita kiasi. Iacheni ipumzike." Tukaiacha ipumzike. Sisi hatukupumzika, maana wingu lilikuwa linajikusanya upande wa pili na shimo liko wazi. Nilipopiga tena simu iliita bila kupokewa. Nikapiga tena. Ikaita.

Kwa asiyejua kwa nini nilikuwa nachemka kiasi hicho, kokoto ukizimwaga tu juu ya mfinyanzi bila kuzishindilia, kisha zikanyeshewa, tope linapanda na kokoto zinazama, na tabaka lako la chini linakuwa uji. Baraza lote linasimama juu ya tabaka hilo. Pevingi ni sura tu. Mtu anayeona pevingi zimebonyea katikati na kushika maji hulaumu tofali, kumbe tatizo liko chini ambako haoni. Ndiyo, kuna kile kishindilio cha mkono, kipande cha chuma chenye mpini, na kwa kona ambazo mashine haifiki kinafaa sana. Lakini kwa eneo zima utaamka Jumatatu huwezi kunyanyua kikombe.

Zile video za mtandaoni zinazoonyesha mke na mume wanamaliza baraza mchana mmoja huku wanacheka, sehemu ya mashine kugoma huwa wanaikata, nafikiri.

Mwishowe tukaipakia tena tukairudisha. Nilikuwa nimejiandaa maneno njia nzima. Bahati yake yule kijana alikuwa na mteja, tukaelekezwa nyuma, stoo, kwa mzee mmoja aliyevaa ovaroli iliyopauka.

Mzee hakuuliza fundi ni nani. Aliuliza, "Imefanyaje, mama?" Nikamweleza. Akachuchumaa, akafungua kifuniko cha oili pembeni mwa injini, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Akanionyesha. Kikavu. Kwenye ncha kulikuwa na alama nyeusi tu, ya oili iliyowahi kuwepo.

"Hii ina kihisio humu ndani," akasema. "Oili ikishuka, inakata moto wa plagi, injini isije ikajiua. Ungevuta mpaka kesho, mama, isingewaka. Hata angekuja nani kuvuta."

Hata angekuja nani! Natamani ningekuwa nimerekodi, nikaipige pale kaunta kwa sauti ya juu.

Akamimina oili polepole, akapima, akaongeza kidogo, akavuta kamba kwa mkono mmoja. Ikanguruma. Kabla hatujaondoka akauliza, "Mnatandika pevingi?" Nikasema ndiyo. "Mbona hawajawapa mpira?" Akaenda kwenye rafu akatoa mkeka mzito wa mpira wenye matundu ya skrubu, unaofungwa chini ya bamba la mashine wakati wa kupita juu ya matofali. Bila huo chuma kinagonga tofali moja kwa moja, kingo zinameguka na sura inachubuka. Kijana wa kaunta aliniuliza fundi wangu yuko wapi, lakini mpira hakunipa. Sasa hapo asiyejua kazi ni nani?

Baada ya hapo, jamani, niseme ukweli, ilikuwa raha. Tulimwaga kokoto zenye vumbi lake kwa tabaka nyembamba, sentimita 7 hivi, tukanyunyiza maji kidogo ili vumbi lishikane, tukapitisha mashine, tukamwaga tabaka jingine. Ukisikiliza utajua lini panatosha, maana mwanzo mlio ni mzito, bamba linazama, kisha mlio unakuwa mkavu na mashine inaanza kurukaruka yenyewe kwa sababu chini hapaendi tena. Mikono inabaki inatetemeka hata ukishazima. Vizibo vya masikio vaa, usibishane.

Juu yake mchanga, sentimita 3, na huo haushindiliwi. Tulilaza mabomba mawili, tukaburuta ubao juu yake mpaka mchanga ukalala sawasawa, tukatoa mabomba na kujaza mifereji yake. Matofali yakapangwa kwa nyundo ya mpira, nafasi ya milimita chache kati yake. Kingo tukazifunga kwa zege pembeni, kwani bila kingo matofali ya nje huanza kutembea na ya ndani yanayafuata. Kisha mashine, safari hii na mpira wa mzee chini yake, kisha mchanga mkavu ukafagiliwa kwenye nafasi, mashine tena, mchanga tena. Hakuna tofali hata moja lililomeguka. Nilipanda pale katikati nikarukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya, na hakuna kilichotikisika.

Ningeishia hapo ningewapa nyota nne. Nilikuwa nimeshasamehe, wallahi. Kisha nikaenda kurudisha mashine.

Kwanza, neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule bosi hakuja leo?"

Pili, amana imekatwa. Kwa nini? Mashine imerudi na matope, kuna gharama ya kusafisha. Naomba msome tena. Mashine ya kushindilia udongo imerudi na udongo. Na tulikuwa tumeifuta! Kilichobaki ni vumbi lililoganda kwenye mikunjo ya chini ya injini, ambalo kusema kweli baadhi yake tulilikuta.

Tatu, Jumamosi yote nimelipishwa. Nikasema Jumamosi mashine haikuwaka kwa sababu mliitoa haina oili, muulizeni mzee wenu. Akajibu bila kuinua macho, "Siku inahesabiwa tangu mashine itoke getini." Kwa hiyo nimelipia kusafirisha chuma kwenda kwangu na kukirudisha, nikalipia na kiganja cha mdogo wangu. Nikaomba kuonana na mkubwa wake. Mkubwa hayupo. Nikaacha namba. Mpaka naandika haya, simu haijaita.

Sasa tatizo langu ni hili. Mvua kubwa imeshanyesha zaidi ya mara moja tangu tumalize, na baraza limekaa. Maji yanashuka kwa mwinamo wake, yanaishia kwenye nyasi, hakuna kidimbwi. Na kila nikipita naona njia ya kutoka pale kwenda kwenye tangi la maji inavyotia aibu sasa, tope tupu. Njia hiyo itataka mashine. Nimeulizia kwingine, mashine walizonazo ni kubwa za barabarani, au hawana mpira, au hawana mzee. Kwa hiyo ndiyo, huenda nikarudi, na inaniuma kuandika hivyo.

Ukienda wewe, pita geti la nyuma. Usisaini kitu mpaka umechomoa kijiti cha oili kwa mkono wako na mashine imewaka mbele yako. Idai mpira. Ipige picha pande zote, pamoja na chini, vumbi lililokuwepo lionekane. Na kama wewe ni mwanamke, usiende na mwanamume, hata wa kubeba, maana mazungumzo yote yatakuwa yake na bili itakuwa yako.

Nilianza na nyota moja. Nimeweka mbili, na ya pili si ya duka, ni ya mzee wa stoo, wasije wakaibandika kaunta. Wakinirudishia pesa ya Jumamosi nitaongeza ya tatu. Ile ya kusafisha matope wabaki nayo, wamnunulie kijana wao oili.