Dizeli iliyotumika kwa milioni 15 hadi 25: chagua injini kabla ya gari

Ukiingia yadi na shilingi milioni 15 hadi 25, dalali atakuonyesha rangi, rimu na viti vya ngozi. Wewe uliza injini. Bodi huchomelewa na kupigwa rangi, viti hushonwa upya, lakini pampu ya dizeli na nozeli zinazoipuliza ndani ya injini zikifa, au silinda hedi (kichwa cha injini) ikipasuka, bili moja inaweza kula robo ya pesa uliyonunulia. Kwa hiyo mpangilio ulio hapa chini ni wa injini, na nimeupanga kwa swali moja: gari likigoma Mpanda au Masasi, fundi wa pale pale ataliamsha?

Kabla ya hapo, pima safari zako. Kama kazi ya gari ni kukutoa Mbezi kwenda Posta na kurudi, foleni asubuhi na foleni jioni, nunua la petroli la cc 1,500 au 1,800. Bei kikomo za kila mwezi za EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hazitengi sana dizeli na petroli, hivyo faida usiitafute kwenye bei ya lita. Ipo kwenye kazi ambayo lita hiyo inafanya gari likiwa na mzigo: bidhaa za duka zinazopanda Kitonga kwenda Iringa, au magunia ya mpunga yanayotoka Ifakara. Mwenye shamba, mwenye duka la jumla, anayezunguka minada, hao dizeli inawalipa.

Halafu kuna suala la kuagiza Japani. Kwa bajeti hii nashauri ununue gari lililokwisha kusajiliwa nchini. Injini nyingi za dizeli zinazotufaa zinazidi cc 2,000, na ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka kiwango hicho; gari likiwa na umri wa miaka 8 na kuendelea, ushuru mwingine unaongezeka juu yake. Pikapu ya 1998 inayoonekana rahisi mtandaoni haitakuwa rahisi tena ikishafika bandarini Dar. Kama bado moyo unakusukuma kuagiza, ingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujatuma hata dola moja. Na usiogope gari la namba B au C. Herufi inakwambia lilisajiliwa lini hapa nchini, haikwambii limetunzwaje.

1. Toyota Hilux yenye 5L au 3L

Hii ndiyo namba moja, na sioni ya kuishusha. Injini ya 5L ina cc 2,986, ya 3L ina cc 2,779. Zote mbili hazina tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), na pampu yake ya dizeli inaendeshwa kimakanika, bila kompyuta ya kuamua lini nozeli ipige. Ndizo injini zilizobeba Hiace za daladala kwa miaka mingi, kwa hiyo fundi wa wilayani anazifahamu na spea zake zipo hadi kwenye maduka madogo. Ni nzito kuondoka: nguvu zake hazifiki farasi 100, na mlima Sekenke mabasi yatakupita. Kubali hilo mapema, usije ukaikanyaga hadi ichemke.

Udhaifu wake wa kwanza ni bei, maana kila muuzaji anajua alichonacho. Wa pili ni chasisi. Lala chini, utazame sehemu ya nyuma chini ya bodi ya mzigo, ugonge kwa spana. Kutu iliyofichwa kwa rangi mpya nyeusi hutoa mlio mfu. Wa tatu ni mkanda wa taiming, unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, valvu hukutana na pistoni. Kama pikapu za aina hii zinakuzidi bei, angalia Hiace ya umbo la zamani, lile lililotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2004. Injini ni zile zile, na mara nyingi bei inashuka kwa sababu watu hawataki kukaa juu ya injini.

2. Nissan pikapu yenye TD27

Kwa thamani ya pesa, hili ndilo gari ambalo ningemshauri ndugu yangu mwenye milioni 15 kamili. TD27 ina cc 2,663, na badala ya mkanda wa taiming ina gia, kwa hiyo hofu ya mkanda kukatika haipo kabisa. Ina kelele na inatetema. Spea zake haziko kila kona kama za Toyota, lakini Kariakoo zipo. Inauzwa chini ya Hilux ya umri huo huo kwa sababu ya jina tu, na hapo ndipo mnunuzi makini anapofaidi. Hakikisha unachoona ni TD27 kweli: bodi za baadaye zilikuja pia na YD25, injini nyingine kabisa, ya cheni, na za mwanzo cheni zake zilijulikana kwa kulegea. Isuzu za zamani zenye 4JA1 ya cc 2,500 ningeziweka hapa hapa, ubavuni mwake.

3. Prado ya 90 na Hilux Surf zenye 1KZ-TE

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa sababu gari lenyewe linapendeza. Prado ya 90 ilitoka 1996 hadi 2002: inakaa familia, ina fowili, inapita tope la Kilombero, na tabo yake inaipa pumzi ambayo 5L haina. Tatizo ni silinda hedi ya aluminiamu. Injini ikichemka mara moja kwa nguvu, hedi hupata ufa katikati ya valvu. Muuzaji hubadilisha gasketi, anaweka maji mapya ya rejeta, na gari linatembea vizuri wiki mbili tatu hadi liwe lako.

Kwa hiyo usinunue 1KZ bila kulifanyia jaribio hili. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta, mwambie fundi aliwashe, na utazame maji. Mapovu yanayopanda bila kukoma ni gesi ya silinda inayopenya. Kisha funga, liendeshe nusu saa likipanda mlima, simamisha, na ushike hozi ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu kama jiwe na inabaki hivyo hata injini ikipoa, ondoka. Maji ya kahawia yenye kutu nayo yanakwambia mwenyewe alijaza maji ya bomba miaka yote. Ukipata iliyotunzwa, yenye rejeta safi na feni inayovuta, ni gari zuri mno. Tenga tu pesa ya rejeta mpya siku ile ile unayonunua.

4. Mitsubishi Pajero na L200

Zenye 4M40 ya cc 2,800 nazipendelea kwa kuwa ina cheni. 4D56 ya cc 2,477 ina mikanda miwili, na ule mdogo wa kusawazisha mtetemo ukikatika unaweza kuuburuta mkubwa. Badilisha yote kwa pamoja.

5. 1KD na 2KD: Hilux Vigo, Hiace mpya, Prado ya 120

Ni tamu kuendesha na hazili mafuta sana. Lakini huu ni mfumo wa komoni reli: nozeli zinaamriwa na kompyuta, zinafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa sana, na bei yake si ya kubahatisha. Kwenye 1KD kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Vipete vya shaba (washa) chini ya nozeli vikivuja, masizi huingia kwenye oili, yanaganda kwenye chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakosa oili huku dereva akidhani kila kitu kiko sawa. Kwa milioni 25 utakuta zilizochoka. Nunua tu ikiwa muuzaji anakubali nozeli zipimwe kwenye mashine ya gereji ya pampu za dizeli, na gharama ulipe wewe.

Mfumo huu pia haustahimili dizeli chafu. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua uchakachuaji, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado inaweza kuwa na maji. Kichujio cha dizeli kisichobadilishwa humaliza pampu ya aina yoyote. Tofauti ni ukubwa wa bili.

6. Mazda CX-5 ya 2.2

Inakuja mwisho kwa sababu ya mazingira, siyo kwa ubaya wake. Kichujio chake cha masizi kwenye eksozi hujisafisha gari likikimbia barabara ndefu. Kwenye foleni usafishaji unakatika katikati, dizeli inashuka kwenye oili, na kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka. Kijiti chake kina alama ya X. Oili ikiifikia, imwagwe. Hata bei yake mara nyingi itakulazimu kuongeza.

Mbili ningeziacha kabisa hata zikiuzwa nusu bei: Isuzu Bighorn yenye 4JX1, ambayo nozeli zake husukumwa na oili ya injini yenyewe, na Nissan Patrol yenye ZD30, maarufu kwa kuunguza pistoni.

Siku ya kulikagua, piga simu mapema: "Kaka, naomba usiliwashe kabla sijafika." Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho, maana dizeli iliyochoka huficha uchovu wake ikishapashwa. Likiwa la baridi linapaswa kuwaka mara moja au mbili baada ya taa ya hita plagi (plagi za kupasha injini) kuzimika. Moshi mweupe unaoendelea, wenye harufu ya maji ya rejeta, ni hedi. Wa buluu ni oili. Mweusi unapokanyaga kwa nguvu unaweza kuwa nozeli tu. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka na ukiweke wazi juu ya tundu lake: kikirukaruka na moshi kutoka kwa mipigo, injini inapumua, pete za pistoni zimekwisha.

Kwenye karatasi, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi halisi, siyo kopi. Magari haya ya zamani yamebadilishwa injini sana, na mabadiliko yasiyosajiliwa yanakuwa mzigo wako siku ya kuhamisha umiliki TRA. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani ukiwa na namba ya gari, mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka.

Usitumie bajeti yote kununulia. Mwenye milioni 20 atafute gari la 16. Zinazobaki ni za wiki ya kwanza: oili na vichujio vyote, mkanda wa taiming, kama injini inao, pamoja na beringi zake hata muuzaji akiapa ni mpya, maji ya rejeta yenye kuluanti, na betri nzuri. Andika kilomita za siku hiyo kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko cha mkanda, ili fundi ajaye asiulize.