Endymion: Juzuu ya Tatu na Msimulizi Mgeni

Kitabu hiki nilikinunua Moshi, kwenye meza ya vitabu vya mtumba si mbali na mnara wa saa, kwa shilingi 7,000, jalada likiwa limekunjika lakini kurasa zote zikiwemo. Nilikichukua kwa wasiwasi. Riwaya mbili za mwanzo za mfululizo huu wa hadithi za kisayansi wa Dan Simmons, Hyperion ya mwaka 1989 na The Fall of Hyperion ya 1990, zilikuwa zimenizoesha mahujaji saba ambao masimulizi yao yalipishana kwa sauti na kwa mtindo, ilhali hii ya 1996 inaruka takriban miaka 270 mbele na kuwaacha karibu wote makaburini.

Badala yao anakuja Raul Endymion, anayeandika akiwa katika seli inayozunguka angani, akingoja kifo asichojua kitamfika saa ngapi. Amekulia miongoni mwa wafugaji wa kondoo, kisha akawa mwongozaji wa matajiri wanaotoka sayari nyingine kuja kuwinda. Kwa msomaji wa Moshi, ambako ni vigumu kukosa ndugu aliyewahi kupanda mlima na mizigo ya wageni, namna Raul anavyowapima wateja wake haihitaji maelezo.

Lakini kilichonishinda kukiweka kitabu chini ni jinsi juzuu zilizotangulia zinavyorudi ndani ya hii. Matukio tuliyoyasoma yamegeuka kuwa shairi refu lililotungwa na Martin Silenus, mmoja wa mahujaji wale, na Kanisa linalotawala sasa limelipiga marufuku. Raul amelipata kwa bibi yake, aliyemkaririsha beti baada ya beti, kama vile tenzi zilivyotunzwa vifuani mwa watu hata pale ambapo hapakuwa na karatasi. Hivyo sisi tuliosoma tunajua zaidi ya msimulizi, naye analo shairi tu, asijue ni wapi mtunzi alipamba. Sijaona njia bora kuliko hii ya kumkabidhi mgeni hadithi ya wengine.

Mhusika mwingine mpya, Padre Kapteni de Soya, anamwinda Aenea, msichana wa miaka 12 ambaye Raul amepewa kazi ya kumlinda. Chombo cha de Soya huenda kwa kasi inayomponda hadi kufa katika kila safari, kisha hufufuliwa kwa siku tatu na kuendelea na msako, akizidi kuchoka na kutilia shaka amri anazopewa. Kwa maoni yangu huyu ndiye mhusika bora wa kitabu, na hapo hapo ndipo penye kasoro: Raul anasimulia hata mawazo ya de Soya, mambo ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyaona, na maelezo ya jinsi alivyoyajua yanaahirishwa. Safari ya mtoni kupitia sayari mbalimbali nayo ni ndefu kupita kiasi. Kuna sura nilizozipitia haraka bila kujuta.

Asiyesoma mbili za kwanza asianzie hapa, kwa sababu lile shairi la bibi halitamgusa. Mimi nimeshamwagiza muuzaji anitafutie ya nne, The Rise of Endymion, nikimsisitizia kwamba jalada lililochanika si tatizo.