Bomba la kupulizia la trekta, lita 400, kwa viwanja na uzio: maoni yangu baada ya kulitumia

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama eneo lako la majani ni ekari tano kwenda juu na trekta unalo tayari, chukua hili bomba la kufunga nyuma ya trekta, hutajuta, ila tenga na hela ya nozo nzuri (vile vichwa vidogo vinavyotoa dawa) pembeni maana zile zinazokuja nalo ni mtihani. Kama una gadeni ya ekari moja mbili baki na bomba la mgongoni la betri, trekta litakukanyagia majani bure tu.

Mi nasimamia mazingira ya shule huku upande wa Usa River, Arusha. Kuna viwanja vya mpira, majani mbele ya madarasa, barabara za ndani na uzio mrefu kweli kweli. Tulilochukua lina tanki la plastiki la lita 400, bumu (ile bomba ndefu ya pembeni kwa pembeni inayobeba nozo) la mita 8 lenye nozo 16 zilizoachana sentimita 50, pampu ya diaframu (mpira ndani yake unaosukuma maji) inayozungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine, afu na hosi ndefu yenye bunduki ya kushika mkononi. Bei yake karibu na bodaboda mbili mpya. Tanki likijaa hizo ni kilo 400 za maji bado hujahesabu chuma chenyewe, trekta letu la hp 50 linainua bila shida ila kwenye mteremko mbele panakuwa pepesi na usukani haushiki vizuri, kwahiyo weka vyuma vya uzito mbele kabla ya kuanza kazi.

Kabla ya hapo vijana walikuwa wanabeba bomba la lita 16 mgongoni, ekari moja unajaza kama mara sita, na yale mabomba yakishazeeka yanavuja pale kwenye mfuniko, unakuta kijana shati lote limelowa dawa na jua la saa sita linamchoma. Hilo ndo lilikuwa linaniumiza kuliko gharama yenyewe. Sasa hivi dereva anakaa mbele, dawa inatoka nyuma yake chini karibu na ardhi, na ekari nne zinaisha kwa tanki moja. Ila wakati wa kuchanganya lazima avae glavu, miwani na barakoa, pale dawa ndo ikiwa kali haijaingia maji, hapo hakuna mjadala.

Sasa nikae kwenye kupima maana hapa ndo watu wanapotupa hela. Bomba hili halijui umeweka dawa kiasi gani kwa ekari, linatoa maji kwa dakika basi, wewe na spidi yako ndo mnaamua. Tunafanya hivi: tanki nusu, maji matupu, tunapima mita 100 kwa futi ya kamba kwenye uwanja wenyewe sio barabarani, dereva anaweka gia anayotumia siku zote na mzunguko wa injini mpaka PTO ifike mizunguko 540 kwa dakika, anapita huku mwingine ameshika saa. Mita 100 kwa sekunde 60 maana yake kilomita 6 kwa saa. Afu trekta linasimama, PTO inaendelea kuzunguka, unakinga kikombe chenye alama za mililita chini ya kila nozo dakika moja moja. Nozo za rangi ya bluu zenye namba 03 kwa presha ya bar 3 zinatakiwa kutoa kama lita 1.2 kwa dakika. Zidisha kwa 600, gawa kwa spidi mara 0.5 ambayo ni nafasi kati ya nozo, unapata lita 240 kwa hekta, yaani kama 97 kwa ekari. Hapo ndo unajua dawa ya kuweka kwenye tanki kufuatana na lebo, sio kukadiria kwa kifuniko cha chupa.

Zile nozo za plastiki zilizokuja na bomba ukizikinga hivyo unashangaa, moja inatoa lita 1.2 ya jirani yake 1.5, nyingine mchirizi umekatika katikati kama meno yaliyong'oka. Ukipuliza dawa ya magugu na hizo, baada ya wiki mbili uwanja unakuwa na mistari, huku magugu yamekufa huku yamenawiri, na sehemu nyingine majani yako mazuri yameungua. Nozo ikitofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10 tupa. Na ikiziba isafishe kwa mswaki laini na maji, usiingize waya wala usiipulize kwa mdomo jamani, ile ni sumu.

Kwenye kazi yenyewe limetufaa sana kwa magugu ya majani mapana, kishona nguo, mbigili na jamii hiyo. Tunatumia 2,4-D ya amine, inaua majani mapana na ukoka unabaki, ila ndago haisikii hiyo, ndago ina dawa zake. Hatufyeki siku mbili kabla na siku mbili baada ili gugu liwe na jani la kupokea dawa na muda wa kuipeleka kwenye mizizi. Watoto hawakanyagi mpaka pakauke kabisa, sisi tunapuliza likizo au Ijumaa jioni upepo ukitulia. Na dawa tunanunua zilizosajiliwa na TPHPA tu, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, zile za kupimiwa kwenye chupa ya maji kaa nazo mbali.

Ile bunduki ya mkono nayo wengi wanaichukulia kama nyongeza wakati mi naona ndo nusu ya thamani ya mashine. Uzio wetu ulikuwa umevamiwa na gugu karoti, na anayelijua anajua linavyowasha ngozi na kubana kifua, mmea mmoja unatoa mbegu maelfu. Bumu haliwezi kuingia pale kwenye nguzo na mawe, kwahiyo trekta linatembea taratibu barabarani na mtu anafuata na hosi anapiga lenyewe tu likiwa bado changa halijatoa maua. Likishatoa maua umechelewa.

Upepo ndo adui. Upande wa pili wa uzio kuna mama analima nyanya, na nyanya ikiguswa na 2,4-D kidogo tu majani yanajikunja na shina linapinda, mmea hauzai tena. Kwahiyo upande huo tunapuliza asubuhi mapema, bumu linashushwa nusu mita juu ya majani, presha haipandishwi ovyo kwa sababu presha kubwa inafanya matone yawe madogo kama ukungu na ukungu ndo unasafiri. Ukanda wa karibu na shamba lake hatupulizi kabisa, tunang'oa kwa jembe.

Kasoro nyingine. Bumu linacheza sana uwanja ukiwa na mabonde, ncha zinagusa chini, tuliongeza springi kwa fundi wa kuchomelea na pakatulia. Geji ya presha ilikufa mapema. Kava la shafti ya PTO ni plastiki nyembamba, likapasuka, na hili nasema kwa uchungu kabisa muuzaji alipoambiwa akasema watu wengi wanatumia bila kava. Shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara tisa kila sekunde, ikishika kanga au mkono wa shati huna muda hata wa kupiga kelele. Tukanunua kava jingine zito sehemu nyingine na trekta haliwashwi bila hilo kava. Na mvua ikinyesha acha, matairi ya shamba yanachimba uwanja vibaya sana, subiri pakauke.

Usafi usiuchukulie poa. Tukimaliza tunasuuza mara tatu, maji ya suuza yanapulizwa pale pale palipopulizwa dawa sio kwenye mtaro. Roundup na ndugu zake hatuweki kabisa kwenye tanki hili, hiyo inaua kila kijani, ina bomba lake la mgongoni.

Kwa anayeenda dukani, kabla hujalipa mwambie muuzaji akuonyeshe diaframu za akiba za pampu hiyo hiyo, azishike mkononi sio aseme zipo stoo. Oili ya pampu ikigeuka nyeupe kama maziwa ujue diaframu imepasuka maji yameingia, unasimama hapo hapo, na kama spea inaagizwa nje msimu wote wa magugu umekupita. Chukua na seti mbili za nozo na filta za ziada siku hiyo hiyo.