Vifuniko vya kibodi iliyohamishwa herufi: uliza vinundu viko wapi

Malalamiko ya wanunuzi ni yaleyale. Mtu kahama QWERTY, ule mpangilio wa kawaida wa herufi, kaenda mpangilio mwingine kama Colemak au Dvorak, kaambiwa anunue vifuniko vya vitufe visivyo na ngazi (umbo moja kwa safu zote), kavinunua, kapanga herufi zake vizuri, na bado vidole vinapotea. Analaumu mpangilio mpya, analaumu swichi, anaanza kufikiria kurudi alikotoka. Kosa liko kwenye vitu viwili vidogo kama punje za ulezi: vile vinundu vya kupapasa vilivyo juu ya vifuniko vya F na J.

Kwa hiyo hapa hutasoma habari za rangi, wala sauti, wala ubishi wa plastiki za PBT na ABS. Hayo muuzaji atakueleza hata usipomwuliza. Kibodi fupi zenye swichi za Kailh Choc V1 nazo tuziweke kando, maana shina lake hupokea miguu miwili badala ya ule msalaba wa swichi za kawaida za MX, na vifuniko vya kawaida haviingii.

Ngazi, kwa ufupi

Cherry, OEM, SA, MT3 na KAT ni profaili, yaani maumbo ya vifuniko, zenye ngazi. Kila safu ina kimo na mwinamo wake, ndiyo maana vifuniko hupewa namba: R1 ni safu ya namba, R2 ya Q, R3 ya A, R4 ya Z. DSA, XDA na KAM hazina ngazi, hivyo kifuniko cha herufi ni umbo lilelile popote kikae.

Colemak hubadilisha vitufe 17, na kati ya hivyo 12 huhama safu: E, R, T, I na O hushuka kuja safu ya katikati, N hupanda, F, G, J, L na nukta-mkato huenda juu, K huenda chini. Dvorak ni zaidi: herufi 14 huhama safu, na ni A na M tu zinazobaki mahali pake. Ukihamisha vifuniko vyenye ngazi kwa namna hiyo, kibodi inakuwa kama meno ya mtoto anayeota mapya. E ya R2 ikikaa kwenye R3 inachomoza kuliko jirani zake, na mwinamo wake unakisukuma mbele kidole cha kati. Hata QWERTZ, ambayo inabadilishana Y na Z tu, inaacha vifuniko viwili vikiwa vimekaa upande.

Hilo wengi wanalijua, na ndilo linalowafanya wakimbilie XDA.

Vinundu ndivyo vinavyokuumiza

Anayechapa bila kutazama huanza kwa kupapasa. Vidole vya shahada vinatafuta vinundu, vikivipata mikono imekaa. Vinundu hivyo vimechongwa kwenye kifuniko chenyewe, na ukihamisha kifuniko vinahama nacho.

Angalia vinakoenda. Kwenye Colemak, F huhamia mahali pa E, na J huhamia mahali pa Y. Kinundu cha kushoto sasa kiko chini ya kidole cha kati, safu ya juu. Cha kulia kiko pale ambapo kidole cha shahada hufika kwa kujinyoosha. Kwenye Dvorak ni vibaya zaidi, kwa sababu F iko mahali pa Y na J iko mahali pa C: kimoja juu, kingine chini, na vyote viwili vinakuita uweke mkono pasipo pake. Mahali ambapo vidole vya shahada vinapaswa kupumzika kuna T na N kwa Colemak, U na H kwa Dvorak, na vifuniko hivyo ni laini kabisa.

Kwenye vifuniko vyenye ngazi angalau tofauti ya kimo huviambia vidole viko safu gani. Usipokuwa na ngazi unapoteza hata ishara hiyo. Profaili inayosifiwa kwa waliohama herufi ndiyo hiyohiyo inayohitaji vinundu kuliko nyingine zote, na ndiyo ambayo karibu kila seti yake huja na vinundu vya F na J peke yake.

Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, liwe moja: seti ina T na N zenye kinundu? Jozi hiyo inatosha kwa Colemak, kwa Colemak-DH na kwa Workman pia, maana zote tatu huweka T na N chini ya vidole vya shahada. Wa Dvorak aulize U na H. Wa AZERTY na QWERTZ hawana shida hii, F na J zao hazijasogea.

Kinundu chenyewe kina aina tatu. Kuna kimstari kilichoinuka karibu na ukingo wa chini wa kifuniko. Hicho ndicho bora, ncha ya kidole inakigusa na kuendelea na kazi. Kuna kidoto katikati, ambacho baada ya saa kadhaa za kuchapa hukera kama jiwe kwenye kiatu. Na kuna bonde, yaani kifuniko kilichochimbwa zaidi kuliko jirani zake. Kwenye SA bonde linasikika vizuri. Kwenye DSA, kwa mwenye vidole vigumu au vyenye baridi, halisikiki vya kutosha.

Upangaji wa profaili kwa ubora

Namba moja ni DSA, na hasa ya Signature Plastics. Upendeleo huu haufichwi. Kifuniko ni kifupi, kimo chake ni kama milimita 7.5, uso wake una kibonde cha duara kinachokikumbatia kidole, na kampuni hii huuza vifuniko vitupu kwa pakiti ndogo, vikiwemo vya kinundu. Unanunua viwili vitupu vyenye kinundu, unaviweka chini ya vidole vya shahada, umemaliza. Wenye ErgoDox, kibodi ya vipande viwili ambayo hula vifuniko vingi vya 1.5u (upana wa kitufe cha herufi mara moja na nusu) pembeni na vya 2u kwenye vidole gumba, mara nyingi huishia hapa vilevile. Lawama moja: uso wa DSA ni mdogo, na mwenye vidole vinene atachukua wiki moja au mbili kuuzoea.

KAM inafuata. Uso wake ni mpana kidogo kuliko wa DSA na kibonde chake kinashika vizuri. Shida yake ni upatikanaji.

XDA ni ya tatu, na hapo ni ikiwa na kinundu tu. Uso wake mpana hauna bonde la kutosha, kwa hiyo kidole hakijui kimefika katikati ya kitufe au kimekanyaga mpaka wa vitufe viwili. Yenye T na N za kinundu inunue bila wasiwasi. Isiyo nazo ni meza tupu.

MT3 ingepanda juu kama ingekuwa rahisi kuipata kwa mpangilio wako. Ni profaili ya mbunifu Matt3o, imefuata vifuniko virefu vya mashine za zamani za IBM, na mabonde yake ni ya kina kiasi kwamba kidole kinatulia chenyewe. Ina ngazi kali, hivyo bila pakiti ya Colemak au Dvorak iliyotengenezwa kwa safu zake haifai hata kujaribu. Baadhi ya seti zake zina pakiti hiyo. Zihesabu herufi moja moja kabla ya kulipa.

Cherry ni kwa ambaye herufi zake zimebaki QWERTY na amehamisha vitufe vya pembeni tu. Hapo ni nzuri sana. Chunguza kwanza taa za swichi: kama tundu la taa liko upande wa juu, mbali na mwili wako, R3 ya Cherry inaweza kugonga ganda la swichi kabla kitufe hakijafika chini, na safu ya katikati ikatoa mlio tofauti na nyingine.

OEM iache kwenye kibodi iliyokuja nayo. Seti za bei ya chini, nyingi zikiwa XDA au nakala za Cherry, zina F na J tu. Kama utatengeneza vinundu mwenyewe, sawa.

Wauzaji na maneno yao

"Inafaa kibodi zote." Sentensi hii ingepigwa marufuku. Kinachofaa kibodi zote ni tundu la msalaba. Upana, safu na kinundu ni habari nyingine, na ndizo zinazofichwa. Picha inaonyesha kibodi iliyojaa vifuniko vya pakiti nne, bei iliyoandikwa ni ya pakiti moja. Ramani ya safu haipo. Ukiuliza kinundu kiko kwenye herufi gani unajibiwa kwamba ubora ni wa juu. Kwenye ununuzi wa pamoja, herufi za Colemak na Dvorak hulipishwa kando, na oda zisipofikia kiwango pakiti hiyo ndiyo hufutwa, wakati Esc yenye kichoro cha paka inasalimika. Aliyelipia seti ya msingi anabaki na F na J zake.

Caps Lock na ndugu zake

Wengi wamehamishia Ctrl kwenye Caps Lock, kisha wanashangaa kifuniko cha Ctrl hakikai. Upana hupimwa kwa u, na 1u ni milimita 19.05 kutoka kitovu cha kitufe hadi kitovu cha jirani. Caps Lock ni 1.75u, Ctrl ya kawaida ni 1.25u. Tafuta seti yenye Ctrl ya 1.75u, na kama ni Cherry iwe ya R3. Backspace ikishushwa juu ya Enter inataka 1.5u ya R2. Shift ya kulia ikigawanywa inataka 1.75u na 1u, zote za R4. Kwenye DSA namba za safu zinakuondokea, kwa hiyo 1.75u yoyote inakaa popote penye 1.75u, upana haukuondokei.

Jambo la pembeni: kama umebadilisha herufi kwa programu ya kompyuta badala ya QMK au VIA, zinazopanga vitufe ndani ya kibodi yenyewe, skrini ya nywila inayotokea kabla mfumo haujawaka inaweza bado kusoma QWERTY. Mwenye vifuniko vya Dvorak hapo anabonyeza kinachosomeka na anakataliwa.

Ukikosa vinundu kabisa

Njia ya haraka ni kurudisha F na J mahali pake pa zamani, na T na N (U na H kwa Dvorak) zikakaa zilikotoka F na J. Vifuniko vinne vitasema uongo, lakini anayechapa bila kutazama havimdhuru. Fanya hivyo kwa profaili isiyo na ngazi tu.

Njia ya pili ni kutengeneza. Ng'oa T na N kwa kivutio cha waya, kile cha pete ya plastiki hukwaruza pembeni. Piga eneo dogo msasa wa namba 400, kama milimita 2 kutoka ukingo wa chini, kisha futa kwa spiriti ya isopropili. Bila msasa, gundi haishiki PBT. Changanya epoksi kidogo, chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa mara tatu kwa mstari mmoja ili vidoto viungane. Usitumie gundi ya papo kwa papo, mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki. Wala usisafishe makosa kwa asetoni kama kifuniko ni cha ABS, kitayeyuka. Kiache saa 24 kabla ya kukirudisha kwenye swichi. Kikiwa kirefu mno, kipunguze kwa msasa uleule, viboko viwili vitatu, ukipima kwa kidole kila mara.