RTL-SDR kama kichanganuzi cha spektra: kulinganisha sawa, kupima hapana

RTL-SDR ni kidude cha USB kilichotengenezwa ili kompyuta ipokee televisheni ya dijitali, ila kinaweza pia kutumika kama kichanganuzi cha spektra, yaani kifaa kinachoonyesha nguvu ya ishara za redio kwenye masafa mbalimbali. Ndani kina chipu ya RTL2832U na, katika matoleo yanayofaa kazi hii, tyuna (sehemu inayochagua masafa) ya R820T2. Ukitaka kurekebisha chujio la masafa, kusaka chanzo cha kelele au kuona kisambazaji kinamwaga nini nje ya masafa yake, kinatosha. Ukitaka namba ya dBm (nguvu halisi, desibeli juu au chini ya miliwati moja) ya kuandika kwenye ripoti, achana nacho: desibeli zinazoonekana kwenye skrini hazijasawazishwa na kipimo chochote halisi.

Kinafika takriban 24 hadi 1766 MHz, ila kwa wakati mmoja kinaona upana wa 2.4 MHz tu. Ukikilazimisha hadi 3.2 kinadondosha sampuli. Ndiyo maana programu hufagia, yaani huhama kipande kwa kipande na kuunganisha picha, na ishara fupi kama ya rimoti ya gari hupita wakati tyuna iko kwingine. Kwa ishara za namna hiyo usifagie. Tega tyuna kwenye masafa yake ikae hapo. Wi-Fi ya 2.4 GHz iko nje ya uwezo wake.

Kwenye Windows, draiva ya WinUSB huwekwa kwa programu ya Zadig. Soma vizuri jina la kifaa kabla ya kubonyeza, maana ukikosea unaweza kuizima kibodi. Kwenye Linux, zuia moduli ya dvb_usb_rtl28xxu (draiva yake ya televisheni), la sivyo itakiwahi kidude kabla yako. Kisha fagia kwa rtl_power, programu ya mstari wa amri:

rtl_power -f 88M:108M:10k -g 20 -c 25% -i 10 -e 5m fm.csv

Hiyo -g usiiache. Bila yake ukuzaji wa ishara hujipanga wenyewe, na vipimo viwili havitalinganishika. Nayo -c 25% hukata kingo za kila kipande, ambako chujio la ndani hulegea na kuchora mawimbi yasiyokuwepo. Anayetaka grafu ya moja kwa moja atumie programu ya QSpectrumAnalyzer.

Udhaifu mkubwa ni kwamba kila sampuli ina biti 8 tu. Kinadharia zinatoa takriban dB 50 kati ya ishara kali na hafifu, na kituo cha FM cha jirani kinatosha kuijaza tyuna hadi vituo vya uongo vichipuke kila mahali. Kuvitambua ni rahisi: weka atenueta (kipunguza ishara) ya dB 10 mbele. Ishara ya kweli hushuka dB 10. Mchanganyiko wa daraja la tatu, yaani ishara ya uongo inayozaliwa ishara kali zinapochanganyika ndani ya kidude, hushuka karibu 30. Chujio la kuzuia 88–108 MHz hutibu sehemu kubwa ya tatizo. Vinundu vya grafu vinavyobaki mahali pamoja hata antena ikitolewa, hasa kwenye vizidishi vya 28.8 MHz (masafa ya kristali yake), ni vya kidude chenyewe. Kelele ya kompyuta hupungua ukitumia waya mfupi wa USB wenye pete za feraiti.

Ukiongeza chanzo cha kelele pana (kifaa kinachotoa kelele ya redio kwenye masafa mengi kwa pamoja) unapata kipima-chujio. Fagia kwanza bila chujio, hifadhi, kisha fagia nalo na utoe tofauti. Weka atenueta ya dB 10 kila upande wa chujio, vinginevyo umbo la grafu linapotoshwa na impidensi (ukinzani kwa ishara) isiyolingana. Uzuiaji wa chujio hadi dB 40 hivi unaonekana, usitegemee zaidi.

Kisambazaji kisiunganishwe moja kwa moja kamwe. Wati 5 ni +37 dBm. Zipunguze kwa dB 60 zifike -23, na atenueta ya kwanza iwe na uwezo wa kubeba wati zote hizo.

Wakati wa kununua, chagua chenye TCXO (kristali inayofidia mabadiliko ya joto) ya 1 ppm, yaani kosa la sehemu moja kwa milioni, kasha la chuma na soketi ya antena ya SMA, ya kuskrubu. Kristali ya kawaida ikipotoka 50 ppm, kwenye 1000 MHz ni kosa la 50 kHz, na huendelea kuhama kadiri kidude kinavyopata joto.