Wakufunzi wa shahada ya uzamili ya biashara, madarasa ya jioni, Dar es Salaam
Nilisoma huku nikiendelea na kazi, na kilichonifaa kuliko vyote ni mkufunzi wa uhasibu. Alituletea daftari la mauzo la duka la vipuri la Kariakoo, jina likiwa limefichwa, akatuonyesha ubaoni jinsi duka lenye faida linavyoweza kukosa fedha za kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 ifikapo tarehe 20, kwa kuwa sehemu kubwa ya mauzo ni ya mkopo. Kesho yake niliyapitia upya madeni ya wateja ofisini kwetu.

Mkufunzi wa masoko alisoma slaidi tu, na mara mbili alichelewa saa nzima, ilhali sisi tulitoka kazini moja kwa moja, bila kula. Kwa ada tunayolipa, jambo hilo halikubaliki.